Wimbo wa Nane wa Santuri "Ngano Haina Kivuli"

CHAMA CHA MUZIKI NA NGOMA, DONGOBESH

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA UTENDAJI KILICHOFANYIKA JUMAPILI, TAREHE 16 OKTOBA 1988, KATIKA STOO YA CHAMA, DONGOBESH, WILAYA YA MBULU

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Nicodemo Akonaay – Mwenyekiti (katekista mstaafu)
2. Bi. Letisia Margwe – Katibu (mwalimu wa sekondari)
3. Ndg. Xavery Tluway – Mweka Hazina (mwenye duka)
4. Mama Juliana Safari – Mjumbe (muuguzi mstaafu, Tumati)

WAALIKWA
5. Bi. Natalia Gwandu – mwimbaji, Nambis
6. Ndg. Gidahosh – mwimbaji na mpiga zeze, nyanda za Hanang (aliomba jina la baba yake lisiandikwe)
7. Ndg. Joakimu Sulle – mume wa Bi. Natalia

WASIOHUDHURIA
8. Ndg. Hermani – Makamu Mwenyekiti, kwa taarifa. Alituma ujumbe kwamba hatakaa chumba kimoja na santuri hiyo.
9. Ndg. Patriki – Mjumbe, bila taarifa

MAELEZO YA AWALI YA KATIBU

Swali ambalo Katibu amehangaika nalo tangu alipokuwa chuo kikuu, na ambalo kikao hiki kililirudisha kwa namna asiyoitarajia, ni hili: neno lililonaswa na mashine, likipigwa tena, je, linasemwa upya, au tunakumbushwa tu kwamba liliwahi kusemwa? Wahadhiri wake walilijadili kama swali la nadharia. Jana mchana alikuwepo mama mjamzito wa miezi minane, ameketi juu ya gunia mbele yake, akisubiri jibu.

Kwa idhini ya Mwenyekiti, kumbukumbu hizi zinanukuu baadhi ya maneno kama yalivyotamkwa, kwa kuwa wajumbe walianza kutofautiana juu ya nani alisema nini kabla hata hawajafika majumbani kwao. Maneno ya wimbo wenyewe hayakuandikwa popote. Uamuzi huo ni wa Katibu, na hana hakika kama aliufanya kwa busara au kwa woga.

KUMB. NA. 1/10/88: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na robo mchana kwa sala. Ndg. Gidahosh, ambaye si Mkristo, alisimama mlangoni hadi sala ilipokwisha, kisha akaingia na kuwasalimia wote. Ndg. Joakimu aliingia wa mwisho. Alivua kofia na kumwamkia Ndg. Gidahosh, "Shikamoo." Ndg. Gidahosh aliitika, "Marahaba, baba. Habari za Nambis?" Wawili hao walikuwa hawajawahi kuonana.

Ndg. Xavery aliomba iongezwe ajenda kuhusu spika yake aliyokiazima Chama wakati wa ngoma za mavuno na kurudishiwa ikiwa imechanika. Mwenyekiti alikataa. Ndg. Xavery alitaka iandikwe kwamba ilikataliwa. Imeandikwa.

KUMB. NA. 2/10/88: SANTURI YENYEWE

Mama Juliana aliingia kwenye Kamati mwaka jana na alisema hajawahi kuisikia santuri inayozungumzwa. Kwa ajili yake Mwenyekiti alieleza kwamba mwaka 1979 Bi. Natalia alikuwa mpishi wa kantini katika mojawapo ya mashamba ya ngano ya serikali huko Hanang, na Ndg. Gidahosh alikuwa mlinzi wa vihenge vya chuma vya nafaka katika shamba hilohilo. Mmoja alikuwa na gita alilojifunza kwayani, mwingine zeze la nyuzi mbili alilofundishwa na vibarua kutoka Singida. Kabla ya mavuno, vihenge vikiwa vitupu, waligundua kwamba mtu akiimba ndani ya chuma kile sauti humrudia ikiwa imezeeka. Maneno haya ya mwisho ni ya Bi. Natalia.

Fundi mgeni wa matrekta aliwasikia, akaingia na kinasa sauti chake, akawanasa kwa siku kadhaa. Mahali pengine aliipiga tepu kinyumenyume. Pengine aliiacha feni ya kukaushia nafaka iungurume chini ya wimbo mzima. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao na tepu, na baadaye likaja sanduku la santuri kwa anwani ya Chama: nyimbo nane, zenye jina la jumla *Ngano Haina Kivuli*, waimbaji wakiitwa Wawili wa Kihenge. Walionunua walikuwa wachache sana. Kwaya ilimwonya Bi. Natalia. Ndg. Gidahosh aliachishwa ulinzi bila kuelezwa sababu. Sanduku limebaki katika stoo hii, na panya wameanza kula majalada.

Ndg. Xavery aliongeza kwamba aliwahi kuipiga dukani kwake, na mteja mmoja akamuuliza kama huo ni muziki au ni malaria. Alicheka peke yake.

KUMB. NA. 3/10/88: SABABU YA KUITISHA KIKAO

Bi. Natalia alieleza kwamba Jumapili iliyopita mtangazaji wa kipindi cha muziki uliosahaulika alisema redioni kuwa ameipata santuri hiyo kwa mtu mmoja huko Arusha, na kwamba Jumapili ya leo, kuanzia saa tisa na nusu hadi taarifa ya habari ya saa kumi, atapiga upande wa pili wote. Ili kuwaonjesha wasikilizaji alipiga mwanzo wa wimbo wa nane. Bi. Natalia alifurahi. Alimwita mumewe aje asikie, kwani tangu wafunge ndoa alikuwa ameificha santuri hiyo kwa kuwaogopa wanakwaya, na mumewe hajawahi kuisikia hata mara moja.

Ndg. Joakimu alikulia nyanda za Hanang na anakijua vizuri Kidatoga, lugha ya wimbo huo. Mkewe anakijua cha kuombea maziwa tu. Ndg. Joakimu alisikiliza akiwa amesimama, kisha akaizima redio na kutoka kwenda kwa ng'ombe. Kesho yake asubuhi ndipo alipomuuliza, "Natalia, unajua ulichokuwa unakiitikia pale?" Alipojibu hajui, alimwambia kwamba wimbo ule ni laana kwa aliyelima kaburi katika shamba la serikali, na kwamba sauti inayoikubali ni yake yeye.

Bi. Natalia alisema amezika watoto wawili, na wa tatu yuko tumboni. Aliomba Chama kizuie wimbo huo usipigwe.

Mwenyekiti alitoa taarifa kwamba siku ya Ijumaa alikwenda posta kupiga simu, akasubiri mpaka mchana, na hatimaye akaambiwa kwamba kipindi kimekwisha kutengenezwa na hakiwezi kubadilishwa. Aliulizwa sababu ya ombi lake naye hakuitaja. Ndg. Xavery alimpongeza kwa kutoitaja. Alisema wimbo unazungumzia kaburi lililolimwa katika shamba la serikali, na ukielezwa kwa Kiswahili fasaha utawafikia watu ambao sasa hawauelewi. "Mimi waliokufa siwaogopi, Mzee Mwenyekiti. Naogopa Landrova."

Mama Juliana aliomba kusema kama muuguzi. Alieleza kwamba aliwajua watoto wote wawili. Wa kwanza alichukuliwa na surua katika mwaka ambao surua iliondoka na watoto wengi wa Tumati na Nambis, ambao wazazi wao hawakuwa wamelaaniwa na yeyote. Wa pili alizaliwa kabla ya wakati, na barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Alimtaka Bi. Natalia alale hospitalini kuanzia wiki ijayo na aachane na mambo ya redio.

Bi. Natalia alijibu: "Nakusikia, mama, na hospitali nitakwenda. Lakini hao wengine, mama zao hawakukaa ndani ya chuma na gita wakaitikia."

Katibu aliunga mkono maelezo ya Mama Juliana, na bado anayaunga mkono. Hata hivyo aligundua kwamba Bi. Natalia alikuwa hajaeleza kwa nini laana iliyomlenga mtu mwingine imwogopeshe yeye kwa ajili ya watoto wake. Ndg. Xavery aliuliza swali hilo waziwazi. Bi. Natalia alimtazama mumewe. Mwenyekiti aliagiza asikilizwe kwanza Ndg. Gidahosh.

KUMB. NA. 4/10/88: MAELEZO YA NDG. GIDAHOSH

Ndg. Gidahosh alieleza kwamba baba yake alizikwa kwa heshima ambayo Wadatoga huwapa wazee wachache: juu ya kaburi kilijengwa kilima cha udongo, watu wakifanya kazi hiyo kwa miezi na familia yake ikiwalisha. Baadaye eneo hilo liliingizwa katika shamba la ngano. Siku moja alirudi kutoka machungani akakuta kilima hakipo, pamebaki mistari ya plau iliyonyooka. Aliomba kazi ya ulinzi katika shamba hilo kwa lengo moja tu, la kumjua dereva. Madereva walikuwa wengi na hakuna aliyemtaja mwenzake.

Alisema hakuingia kihengeni siku ile akiwa na nia ya kulaani. Walikuwa wamekwisha kuimba nyimbo saba. Fundi alizima taa ili kupunguza joto, na katika giza lile maneno yalimtoka. Yalimhusu aliyeendesha plau, nyumba yake, na watakaozaliwa ndani yake. (Huu ndio muhtasari uliokubaliwa. Katibu hataongeza.)

"Neno la namna hiyo ukilisema peke yako linaanguka," alisema. "Mpaka mtu aliitikie. Mimi sikutegemea mtu. Nani aniitikie mle? Nikamsikia dada huyu. Mstari wa kwanza, akaitika. Wa pili, akaitika. Mtu wa milimani, Mkristo, anamlilia baba yangu pamoja na mimi! Nikasema basi, sipo peke yangu. Miaka yote hii, dada, nikisikia mtu anawasema vibaya watu wa Mbulu, mimi nanyamaza kwa ajili yako."

Bi. Natalia aliinama. Kisha alisema: "Kaka, sikujua. Kwetu mzee akisema kwa mwendo ule, anashusha sauti mwisho wa kila mstari, watu wanaitikia. Ukinyamaza umemtukana. Nilidhani unaomba mvua."

"Mvua?"

"Mvua, kaka. Ilikuwa imekawia mwaka ule."

Ndg. Gidahosh alirudia neno hilo mara kadhaa, akicheka kwa namna ambayo haikumfurahisha mtu yeyote ndani ya chumba. "Mimi nakushukuru moyoni miaka tisa, kumbe mwenzangu yuko kwenye mahindi."

Hapa Katibu angependa kuweka wazi kwamba kosa la Bi. Natalia si la mtu mzembe. Ni kosa la mtu aliyelelewa vyema, akapeleka malezi yake mahali ambapo yalikuwa na maana nyingine.

KUMB. NA. 5/10/88: DEREVA

Mwenyekiti alimwuliza Ndg. Joakimu kama ana la kusema. Ndg. Joakimu alisimama, kofia mkononi. Alieleza kwamba kabla ya kuoa aliwahi kuendesha trekta katika mashamba hayo kwa misimu miwili. Msimamizi alikuwa akipiga mstari kwa vijiti, nao dereva kazi yake ilikuwa kuufuata bila kukata kona. Siku moja mstari ulipita juu ya kilima.

"Nilikiona," alisema. "Sitasema sikukiona. Nimekulia kule, najua kilima kile ni nini. Niliposita, msimamizi akapiga filimbi. Niliinua plau kidogo, nikasema labda itapita juu juu. Haikupita juu juu. Siku iliyofuata waligeuza trekta nyingine ikapita, lakini wa kwanza ni mimi."

Hadi wakati huo Ndg. Gidahosh alikuwa hajui. Alikuwa ameketi karibu na mlango, fimbo yake ikiwa imelazwa magotini. Aliichukua. Ndg. Xavery alisimama na kuomba ruhusa ya kwenda kulitazama duka. Mwenyekiti alimwambia akae. Katibu alisikia wazi redio ya Ndg. Xavery, iliyokuwa imewashwa kwa sauti ndogo juu ya sanduku la santuri, ikitangaza bei za mazao.

Ndg. Gidahosh alisema bila kupaza sauti: "Uliniamkia."

Ndg. Joakimu alikiri.

"Na mimi nikakuitikia marahaba. Wewe uliyepita juu ya baba yangu. Nimekuita baba. Hiyo marahaba yangu nirudishie."

Ndg. Joakimu alisema hajui namna ya kuirudisha.

Aliyejibu ni Bi. Natalia. "Kwa hiyo na wewe umeitika bila kujua, kaka. Mtu amekuja kwa heshima, ukafanya kama ulivyolelewa. Ungejua usingeitika. Basi ndivyo nilivyokuwa na mimi mle ndani."

Ndg. Gidahosh alisimama, fimbo mkononi. Kisha alitoka nje. Mwenyekiti alisimamisha kikao. Mama Juliana alimpa Bi. Natalia maji na kumpima mapigo ya moyo. Wajumbe walikaa bila kujua kama mtu yule ameondoka kabisa, amekwenda kuwaita ndugu zake waliokuja mnadani, au amesimama tu nyuma ya ukuta. Ndg. Joakimu aliombwa apite dirishani aende. Alikataa, akasema akikimbia atakuwa amekimbia akimwacha mkewe ndani.

Ndg. Gidahosh alirudi. Fimbo aliiacha nje. Alisema, "Niko tayari kufuta. Si kwa ajili ya huyu. Kwa ajili ya huyo aliye tumboni, ambaye naye hakuulizwa."

KUMB. NA. 6/10/88: NAMNA YA KUFUTA

Ndg. Gidahosh alieleza kwamba neno hufutwa kwa njia ileile lililowekwa: aliyelisema aseme, na aliyeitikia aitikie. Aliyelaaniwa sharti awepo na aombe kwa mdomo wake. Ndg. Joakimu aliomba hapohapo. Maneno yake yalikuwa machache na Mwenyekiti aliona hayana haja ya kuandikwa.

Ndg. Xavery alisema kama ni hivyo, lifutwe mara moja, watu waende nyumbani kabla ya kipindi. Ndg. Gidahosh alimuuliza: "Nikifuta sasa, halafu yule wa redioni akasema baada yangu, la mwisho ni la nani?"

"Lakini yule wa redioni ni wewe," Ndg. Xavery alisema.

"Yule ana baba aliyelimwa jana. Mimi nimekwisha kuzeeka."

Mwenyekiti alipendekeza kwamba ifanywe sala, santuri zote zilizopo zichomwe, na suala lihesabiwe limekwisha. Alisema pia kwamba yeye kama katekista hawezi kuongoza jambo la namna nyingine. Ndg. Gidahosh alimjibu kwa heshima: "Omba, Mzee wangu. Mimi sikuzuii. Lakini wewe hukuwemo kihengeni."

Mama Juliana alipendekeza redio izimwe tu. Ilijibiwa kwamba kuizima ya hapa hakuzimi za Hanang, wala za sehemu nyingine zote za nchi. Katibu alitoa hoja kwamba sauti ya santuri haina nia, na kwamba tendo bila nia si tendo. Bi. Natalia alimuuliza, kwa upole, kama yeye mwenyewe alikuwa na nia pale kihengeni alipoitikia. Hoja hiyo iliondolewa na mtoa hoja.

Iliamuliwa hivi. Redio iachwe ikiwa imewashwa. Wimbo wa nane utakapoanza, Ndg. Gidahosh aseme juu ya sauti yake mwenyewe, mstari kwa mstari, na kila mstari Bi. Natalia aliye hai aitikie. Yule wa zamani asipate nafasi ya kusema peke yake hata mara moja.

Bi. Natalia aliweka sharti moja: safari hii hataitikia asichokielewa. Ndg. Gidahosh alikubali. Alimweleza kila mstari atakaousema kwa Kidatoga, na maana yake kwa Kiswahili. Bi. Natalia alirudia maana hizo moja moja kama mwanafunzi, mkono wake ukiwa juu ya tumbo. Katibu alishuhudia na anathibitisha kwamba hapakuwa na neno baya katika yale yaliyoelezwa.

KUMB. NA. 7/10/88: KIPINDI

Kipindi kilianza. Mtangazaji alisema waimbaji hawa hawajulikani walipo, na huenda hawako hai tena. Ndg. Xavery alisema, "Mshukuru Mungu kwa hilo," akanyamazishwa.

Wimbo wa tano, wa sita na wa saba zilipigwa. Katibu anaona wajibu wa kuandika kwamba ni muziki mzuri kupita kiasi. Gita la Bi. Natalia linasikika kama linapigwa chini ya maji, na zeze linakuja kutoka mbali, likikaribia bila kufika. Mama Juliana, ambaye hakuwahi kuusikia, alishika rozari yake na hakuiachia. Wasanii wenyewe hawakutazamana.

Ukafika ukimya unaotangulia wimbo wa nane, wenye mngurumo wa feni peke yake. Ndg. Gidahosh alisimama. Bi. Natalia alitaka kusimama, Ndg. Joakimu akamsaidia.

Sauti ya redioni ilianza. Ilikuwa sauti ya kijana, na ilikuwa na hasira ambayo Katibu hakuwa amejiandaa kuisikia. Ndg. Gidahosh alisema mstari wake wa kwanza juu yake. Bi. Natalia aliitika. Bi. Natalia wa redioni aliitika pia, sauti nyembamba, ya furaha kidogo, ya msichana anayedhani anaomba mvua. Mstari wa pili ulikwenda vivyo hivyo. Katika wa tatu, redio ilianza kupungua sauti. Mtangazaji aliingia kati, akashukuru wasikilizaji, akasema muda umemtupa mkono, na ngoma za taarifa ya habari zikapigwa.

Ndg. Gidahosh alikatizwa. Yule aliyekuwa akishindana naye alikuwa ameondolewa katikati ya neno, laana ikiwa haijafika mwisho na ikiwa haijajibiwa. Bi. Natalia alimgeukia Ndg. Gidahosh. Aliuliza, "Nimwitikie nani sasa?"

Ndg. Xavery alinyoosha mkono kuizima redio, na Ndg. Gidahosh akamzuia. Alifumba macho. Kisha alianza kusema tena kwa Kidatoga, taratibu, juu ya sauti ya msoma habari. Lakini hayakuwa yale aliyomweleza Bi. Natalia. Yalikuwa marefu zaidi, na jina la Joakimu lilisikika ndani yake zaidi ya mara moja.

Bi. Natalia hakuitika. Alisema, "Kaka, hili hukuniambia." Ndg. Gidahosh hakusimama kueleza. Alifika mwisho wa mstari, akashusha sauti, akangoja. Bi. Natalia alimgeukia mumewe, mtu pekee mwingine katika chumba aliyeelewa. Ndg. Joakimu alikuwa amesimama wima, uso umebadilika. Alikuwa amesikiliza kila neno. Alitikisa kichwa kukubali.

"Ni la kufuta?" Bi. Natalia alimuuliza.

Ndg. Joakimu alisema, "Itikia, mama. Itikia kwa ajili ya mtoto."

Bi. Natalia aliitika.

KUMB. NA. 8/10/88: MENGINEYO NA KUFUNGA

Mwenyekiti alielekeza iandikwe kwamba laana imefutwa. Katibu aliomba radhi na kuandika kwamba Ndg. Gidahosh alitamka maneno na Bi. Natalia akaitika, kwa kuwa hicho ndicho alichokisikia. Mwenyekiti hakupendezwa, lakini hakusisitiza.

Iliamuliwa kwamba santuri zilizomo stoo zichomwe kesho na Mwenyekiti na Ndg. Xavery. Hakuna uamuzi uliofanyika kuhusu iliyoko Arusha, ya redioni, wala zile zilizobaki na fundi mgeni ng'ambo, kwa kuwa hakuna anayejua anwani yake wala kama bado huzipiga.

Mama Juliana atampeleka Bi. Natalia hospitalini siku ya Jumanne kwa lori la Ndg. Xavery. Ndg. Xavery alikubali bila kutaja spika.

Lililobaki bila kutatuliwa, Katibu analiandika hapa kwa kuwa hataki wasomaji wa baadaye wadhani lilisahaulika. Hajui Bi. Natalia aliitikia nini mara hii ya pili. Wanaojua ni wawili. Alipomuuliza Ndg. Gidahosh, alijibu kwamba limekwisha. Alipomuuliza Ndg. Joakimu, pembeni, nje ya mlango, alijibu, "Mwalimu, hilo ni langu na lake." Katibu anahofia kwamba neno halikufutwa, bali liliondolewa kwa mtoto na kwa mama likaachwa kwa mtu mmoja, kwa ridhaa yake, na kwamba mke wake ndiye aliyelithibitisha. Inawezekana pia kwamba Ndg. Gidahosh alimsamehe kwa maneno ambayo hayakuwa na haja ya kutafsiriwa. Kilichomfanya Katibu aelekee kwenye hofu ya kwanza ni uso wa Ndg. Joakimu tu, na uso si ushahidi.

Angeweza kumtafuta mtu mwingine anayejua Kidatoga, na kumweleza sauti alizozisikia mpaka azitambue. Hatafanya hivyo. Kufanya hivyo ni kuyasema upya maneno yale kwa mdomo wake mwenyewe, na baada ya kikao hiki hana tena uhakika aliokuwa nao kwamba jambo hilo halina madhara. Pia Bi. Natalia, alipokuwa akiondoka, alimshika mkono na kumwomba asimtafutie maana yake.

Mwenyekiti alitaka kufunga kwa sala. Hakuna aliyesimama, naye akaisema peke yake. Ilipofika "Amina", wote walinyamaza kwanza, wakatazamana, kisha wakaitika. Wajumbe walitawanyika saa kumi na nusu jioni. Familia ya Sulle iliondoka kwa miguu kuelekea Nambis, Ndg. Joakimu akitembea nyuma.

Zimeandikwa na kusainiwa Jumatatu, 17 Oktoba 1988.

Nicodemo Akonaay ............................ Mwenyekiti

Letisia Margwe ............................ Katibu